Simu Imekwenda, Siri Zenu Je?

Siku hizi mtu akipoteza simu safarini amepoteza vitu vingi kwa mpigo. Ndani ya kile kidude kuna pesa ya mtandao, kuna barua pepe za ofisini, kuna picha ya kitambulisho cha NIDA, kuna na zile meseji za usiku mlizotumiana na mwenza wako. Simu yenyewe utanunua nyingine mshahara ukitoka. Hayo mengine hayana duka.

Mimi naishi Milanzi, hapa Manispaa ya Sumbawanga. Sisi wa Ufipa tukienda Mbeya au Dar kwa basi, tunapita Laela mpaka Tunduma, mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Tunduma ni mpakani, ng'ambo yake ni Nakonde, Zambia, na pilika hapo haziishi. Hapo ndipo mwaka jana mkono ulipoingia dirishani ukaondoka na simu ya mchumba wangu akiwa anaongea nayo. Kufumba na kufumbua, jamaa kashapotelea kwenye umati.

Dakika za mwanzo

Simu iliyonyakuliwa ikiwa inatumika ni mbaya kuliko iliyodondoka, kwa sababu imeondoka ikiwa wazi. Mwizi anaanza kazi papo hapo. Kabla hatujaiacha Tunduma, shangazi yake mchumba wangu, aliyekuwa anatunza michango ya harusi yetu, alishapata meseji kutoka namba ya mwanawe: "Shangazi ile hela itume kwenye namba hii, nina dharura."

Ujumbe wa "tuma kwenye namba hii" Watanzania tunaujua, tunaucheka. Lakini ukitoka kwenye namba ya mtoto wako mwenyewe hucheki, unatafuta wakala. Nilimpigia kwa simu yangu.

"Shikamoo shangazi. Usitume kitu, simu imeibiwa."

"Marahaba mwanangu. Mbona ndio nilikuwa naingia kwa wakala!"

Kwa hiyo la kwanza ni hili: wapigie watu wanaokuamini na wenye pesa zako. Mama, shangazi, mweka hazina wa kikoba, bosi. La pili, azima simu ya mtandao uleule, piga 100 huduma kwa wateja, omba wafunge laini pamoja na akaunti ya pesa. Kama una akaunti ya benki kwenye simu, benki nayo ipigiwe. Usisubiri ufike mjini.

Wengi huanza kukimbizana na simu. Waza kidogo. TCRA ina mfumo wa kuzuia simu zilizoibiwa kwa kutumia namba ya IMEI, lakini simu ikivushwa mpaka inaweza kuingia kwenye mitandao ya nchi nyingine. Simu haina uzalendo. Okoa kwanza kilichomo ndani.

"Nywila yangu unaitakia nini?"

Sasa hapa ndipo wapenzi tunapopimana. Simu nyingi zinaweza kufungwa au kufutwa kwa mbali: za Android kupitia akaunti ya Google, iPhone kupitia akaunti ya Apple. Nilimpa mchumba wangu simu yangu aingie, vidole vikawa vinamtetemeka, nikamwambia nitajie nywila niandike mimi. Akaniangalia. "Nywila yangu unaitakia nini?"

Ndani ya basi, watu wanasikiliza. Nilijisikia vibaya, sikatai. Harusi imebaki miezi miwili, mtu anakuficha nywila? Nikampa simu, nikageukia dirishani, akaandika mwenyewe. Akaunti ikaomba namba ya uthibitisho, na namba hiyo ikatumwa kwenye laini ileile iliyoibiwa! Mpaka tunafika Mbeya, shughuli ilikuwa bado haijakamilika. Laini ilifungwa, akaunti ikabaki wazi.

Usiku tulizungumza. Kumbe hakuwa na mwanamke mwingine, ana kazi. Kwenye barua pepe yake kuna mafaili ya wateja ambayo hata mke hapaswi kuyaona. Nikaelewa. Wapo wanaosema ukinipenda nipe nywila. Mimi nasema kila mtu abaki na kufuli lake, lakini muwe na makubaliano ya siku ya dharura. Kwetu ni bahasha iliyofungwa kwa gundi, ipo kabatini, haifunguliwi mpaka mwenyewe apige simu aseme fungua.

Kabla hujapanda basi

Kuna mambo ya nusu saa tu ambayo ungeyafanya leo jioni.

*Weka PIN kwenye laini yenyewe.* Wengi tunafunga simu, laini tunaiacha. Mwizi anaichomoa, anaiweka kwenye kisimu cha batani, anapokea namba zako zote za uthibitisho. Laini yenye PIN haiwaki bila hiyo PIN. Ukikosea mara tatu inaomba PUK, kwa hiyo itunze.

*Washa uthibitisho wa hatua mbili wa WhatsApp.* Ni PIN ya tarakimu sita. Bila hiyo, mwenye laini yako anaweza kujifanya wewe kwenye magrupu yote.

*PIN ya pesa isiwe mwaka wa kuzaliwa.* Namba ya NIDA inaanza na tarehe yako ya kuzaliwa. Kama picha ya kitambulisho ipo kwenye simu, umemwachia mwizi funguo mlangoni.

*Chapisha namba za akiba.* Google hukupa namba kumi za kuingilia akaunti pale meseji isipofika. Ziandike kwenye karatasi, pamoja na IMEI (bonyeza \*#06#), namba ya NIDA na namba tatu za ndugu. Karatasi ikae kwenye begi, si kwenye mkoba wa simu.

*Washa kinga ya wizi.* Simu nyingi za Android za sasa zina kinga inayohisi zikinyakuliwa ghafla na kujifunga zenyewe. Itafute kwenye mipangilio.

Ukishafika, chukua ripoti ya upotevu polisi, kisha kairudishe laini kwa alama ya kidole na namba ya NIDA. Ukiisajili WhatsApp upya kwenye simu mpya, ile ya kwenye simu iliyoibiwa inatolewa. Piga pia \*106# uone ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako.

Ikifika kutishiwa

Kuna wanaopigiwa na kuambiwa: tuma laki tano au picha zako na mumeo ziende mtandaoni. Usilipe, ukilipa leo kesho atarudi. Usifute meseji zake, ndio ushahidi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kumtisha mtu kwa njia ya mtandao na kusambaza picha za ngono. Nenda polisi, na ikiwezekana muende wawili.

Kama simu ilikuwa na taarifa za wateja, mwambie bosi siku hiyohiyo, hata kama unaogopa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaitaka ofisi iijulishe Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi pale usalama wa taarifa unapovunjwa. Ukinyamaza unamfunga na yeye mikono.

Mwizi anaweza kuwapora simu, lakini kuaminiana mnakuvunja wenyewe. Kwa hiyo leo baada ya chakula cha jioni, zimeni televisheni, chukueni karatasi na kalamu, muulizane: simu yako ikipotea kesho, unataka nimpigie nani kwanza?