Mkulima Aliyemlilia Nguruwe Wake

Wako watu wadhanio kwamba insha haina budi kuhusu vita, wafalme au safari ndefu, na kwamba mambo ya zizini si ya kuandikwa. Bwana E. B. White wa Marekani hakuamini hivyo.

Alizaliwa mwaka 1899 karibu na New York, akawa mwandishi wa gazeti mashuhuri la mji huo, The New Yorker. Mwaka 1938 aliuacha mji pamoja na mkewe na mwanawe, wakahamia shamba lao huko North Brooklin, mji mdogo wa pwani katika jimbo la Maine. Huko alifuga kuku, kondoo na nguruwe, na mpaka mwaka 1943 alipeleka insha kila mwezi kwa gazeti la Harper's juu ya maisha ya shambani.

Lakini insha yake ninayoipenda kuliko zote ilitoka Januari 1948 katika gazeti la The Atlantic. Yahusu nguruwe mmoja tu. Desturi ya kwao ilikuwa kununua kitoto cha nguruwe baridi inapokwisha, kumlisha mpaka anenepe, na kumchinja baridi irudipo. Bwana White alifanya vivyo hivyo. Septemba 1947 nguruwe akakataa chakula. Simu ikapigwa, ushauri ukatafutwa, mafuta ya mbarika yakaletwa (yale yale tuliyonyweshwa utotoni huku tumebanwa pua), naye mwenye mali akawa hana raha usiku wala mchana, akimwuguza mnyama ambaye alikwisha kumpangia kisu!

Hapo ndipo penye kichekesho, nacho ni kichekesho chenye uchungu. Nguruwe angalipona, angaliliwa. Hata hivyo Bwana White aeleza kwamba hasara aliyoiona moyoni haikuwa ya nyama. Alikuwa amempoteza mgonjwa wake. Mfugaji ye yote atamwelewa. Mimi mwenyewe niliwahi kukesha na ndama aliyevimba tumbo, nimeshika taa mpaka alfajiri, kisha nikaenda ofisini nikaandika barua tatu za kodi. Haikunipitia akilini kwamba jambo lililostahili kuandikwa lilikuwa lile la usiku.

Nguruwe alikufa, akazikwa msituni karibu na mtofaa wa mwitu. Mbwa wa nyumbani, Fred, mwenye miguu mifupi na ukaidi mwingi, alihudhuria mazishi kana kwamba ndiye aliyeyaandaa.

Mwaka 1952 Bwana White alitoa kitabu cha watoto, Charlotte's Web, kilichosomwa duniani kote. Ndani yake yumo tena nguruwe aliyewekwa tayari kuchinjwa, lakini safari hii buibui wa zizini amwokoa kwa kufuma maneno ya sifa katika utando wake. Nguruwe aishi; afaye ni buibui.

Bwana White aliishi katika shamba lile mpaka alipofariki mwaka 1985.