Saa Zinazokatwa Kwenye Filamu

Anayeuliza mara nyingi huwa ameshashika funguo. Anataka kujua anywe nini ili pombe ikatike upesi apate kupanda pikipiki: kahawa chungu, maziwa, ndimu yenye chumvi, au ajimwagie ndoo ya maji baridi kichwani? Hapa Kindu, mkoani Maniema, swali hilo huulizwa kwenye matanga, kwenye harusi, na mbele ya baa za Kasuku na Mikelenge usiku wa Jumamosi. Jibu ni moja, na limekwisha kutolewa mara nyingi mno: hakuna kitu cha namna hiyo. Kinachochosha ni kwamba muulizaji haamini. Ameshaona kwa macho yake kuwa inawezekana. Ameona kwenye televisheni.

Tukio lenyewe linajulikana. Mhusika mkuu amelala kifudifudi mezani, chupa zimemzunguka. Simu inalia. Anainuka, ananawa uso, anapiga mafunda mawili ya kahawa, na picha inayofuata yuko nyuma ya usukani anakata kona. Kati ya chupa na usukani zimepita sekunde 10 za filamu. Je, ni dakika tano zilizopita, au saa nane? Mtazamaji haambiwi. Uongo uko papo hapo, na una madhara kuliko chupa zote zinazoonyeshwa mezani. Filamu hukata saa, na saa ndicho kitu pekee kinachoiondoa pombe mwilini.

Kwa hiyo wanaouliza kama burudani za televisheni zinaupamba ulevi wa barabarani wajibiwe bila kuzunguka: ndiyo, zinaupamba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulichambua filamu 534 zilizopata watazamaji wengi Marekani, ukakuta asilimia 83 zinaonyesha watu wakinywa pombe. Mwaka 2009 watafiti wa Uholanzi waliwakalisha vijana wa kiume 80 katika chumba kilichotengenezwa kama sebule, chenye friji iliyojaa vinywaji, wakawaonyesha filamu. Walioonyeshwa filamu na matangazo yenye pombe nyingi walikunywa wastani wa glasi moja na nusu zaidi ya wale ambao hawakuonyeshwa pombe. Hakuna aliyewaambia wanywe. Mkono ulifuata macho.

Mfano mkubwa zaidi ni James Bond. Mwaka 2013 madaktari watatu wa Uingereza walichapisha katika jarida la BMJ hesabu ya vinywaji vya jasusi huyo katika vitabu vya Ian Fleming. Waliona kwamba katika Casino Royale alikunywa zaidi ya vipimo 39 vya pombe kabla ya kufukuza gari jingine kwa mwendo mkali. Kipimo kimoja cha Uingereza ni gramu 8 za pombe halisi, kwa hiyo kiasi hicho ni sawa na chupa kubwa 11 za bia yetu. Kitabuni ufukuzaji ule unamfikisha hospitali, analala siku 14. Watu wengi waliomjua Bond kwenye skrini hawajui habari ya kitanda hicho. Wanachokumbuka ni suti, bilauri na gari.

Nasi tuna pambo letu. Bralima na Bracongo, viwanda vikubwa vya bia vya Kinshasa, vimewadhamini wanamuziki mashuhuri kwa miaka mingi, na video za muziki zinazotufikia hutuonyesha chupa mezani na gari linalong'aa mlangoni. Ni nadra kumwona mmoja wao akiacha gari pale pale na kurudi nyumbani kwa miguu.

Sasa turudi kwenye kahawa, kwa sababu hiyo ndiyo inayoua.

Zaidi ya asilimia 90 ya pombe iliyoingia kwenye damu huvunjwavunjwa na ini. Sehemu ndogo iliyobaki hutoka kwa pumzi, mkojo na jasho. Ini hufanya kazi hiyo kwa mwendo wake, takriban gramu 0.15 kwa kila lita ya damu katika saa moja. Kwa mtu mmoja ni pungufu kidogo, kwa mwingine ni zaidi kidogo, lakini halikimbizwi. Kahawa haiongezi mwendo huo. Ndimu haiuongezi. Maji baridi hufika kwenye ngozi tu: mlevi anatetemeka, na bado ni mlevi. Anayekimbia uwanjani atoke jasho anapoteza maji, pombe inabaki. Anayejitapisha anatoa kilichokuwa tumboni, kilichokwisha kuingia kwenye damu hakimsikii. Maziwa yalipata sifa kwa sababu mtu aliyekula au kunywa maziwa kabla ya pombe hulewa polepole zaidi. Akiyanywa baada ya kulewa, amekunywa maziwa.

Kahawa ni mbaya kuliko hizo zote, kwa sababu inafanya kitu. Inazuia kemikali inayoupa ubongo habari ya uchovu, hivyo mtu aliyekuwa anasinzia anafumbua macho. Mwaka 2009 Danielle Gulick na Thomas Gould wa Chuo Kikuu cha Temple, Marekani, waliwapa panya pombe pamoja na kafeini. Panya wakachangamka, lakini hawakujifunza kukwepa njia iliyokuwa na mwanga mkali na kelele, jambo ambalo panya wasiolewa walilijua upesi. Ndivyo anavyokuwa mwendesha pikipiki aliyepewa kikombe cha kahawa: macho yamefumbuka, mkono bado unachelewa kushika breki, na shimo la barabarani analiona likiwa tayari chini ya gurudumu. Usingizi ulikuwa mlinzi wa mwisho aliyemkalisha kitini. Rafiki aliyemletea kahawa amemfukuza mlinzi huyo.

Anayebisha na ashike kalamu. Chupa kubwa ya sentilita 72, bia ya asilimia 5, ina takriban gramu 28 za pombe halisi. Mwanamume wa kilo 70 akiinywa upesi bila kula, damu yake hukaribia gramu 0.6 kwa lita. Shirika la Afya Duniani linashauri mwisho uwe 0.5 kwa dereva wa kawaida na 0.2 kwa dereva mpya. Chupa moja, naye ameshapita. Mwanamke wa uzito huo huo hufika juu zaidi. Chupa tatu ni karibu gramu 1.8, na ini linahitaji saa 12 kuzimaliza. Aliyeanza kunywa saa mbili usiku yuko safi saa mbili asubuhi, wakati tayari amekwisha kubeba abiria tangu saa kumi na mbili. Na hesabu hiyo ni ya bia. Lotoko, pombe kali ya kienyeji, haina kibandiko. Hakuna ajuaye nguvu ya glasi aliyopewa, kwa hiyo hakuna anayeweza kuihesabia saa.

Televisheni ikitaka, inaweza pia kuokoa. Kuanzia mwaka 1988 Jay Winsten wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwaendea waandishi wa tamthilia za Marekani na kuwaomba jambo dogo: katika kila kundi la wanywaji, mmoja aonekane hanywi kwa sababu ndiye atakayeendesha. Zaidi ya vipindi 160, kikiwemo Cheers kinachofanyika ndani ya baa, viliingiza mazungumzo hayo. Mtindo ukawa wa kawaida Marekani kote. Wanaoandika michezo ya kuigiza kwa redio na televisheni za Maniema wanaweza kufanya hivyo hivyo bila gharama yoyote.

Kwa wengine, ya kufanya ni haya. Amua utarudi vipi kabla ya chupa ya kwanza. Mwachie funguo asiyekunywa, au mwenye baa. Pikipiki ilale pale pale, nawe lala kwa mwenyeji. Abiria ukisikia harufu ya pombe, usipande, na ukiwa umeshapanda, shuka. Hayo yanahusu pia mtumbwi wa kuvukia mto kwenda Alunguli, maana mto haumsamehei mpiga kasia mlevi. Kula kabla ya kunywa. Hesabu saa kuanzia ulipoanza, na kwa kila chupa kubwa weka angalau nne. Kofia ngumu vaa siku zote, lakini haipunguzi pombe. Sheria ya barabarani ya Kongo ya tarehe 30 Agosti 1978 ingalipo, na askari ana haki ya kukusimamisha.

Na kwa atakayeuliza tena Jumamosi hii, akiwa na funguo mkononi, anywe nini ili aweze kuendesha: hakuna. Ampe mwenzake funguo hizo, akalale.