Kivuli cha Shujaa na Picha Isiyokwisha

Wapo wanafunzi wanaodhani kwamba mighani hufundishwa ili ijibiwe katika mtihani wa Fasihi Simulizi, kisha isahauliwe. Mimi nashikilia kuwa masimulizi hayo ni hazina hata kwa mtu ashikaye brashi, na ushahidi ninao nyumbani.

Kwa muda wa miaka miwili nilikuwa na picha ya marehemu baba yangu ambayo ilikataa kwisha. Paji la uso lilikuwa lake, taya lake, hata kovu lililokuwa juu ya jicho. Walakini kila aliyeitazama aliona picha ya kitambulisho: mtu mkakamavu asiye na undani.

Jawabu lilitoka kwa Lwanda Magere, shujaa wa Waluo wa Kano. Yasimuliwa kwamba mwili wake ulikuwa mgumu kama jiwe, hata mikuki haikumpenya. Wanandi, waliokuwa mahasimu wake, wakamwoza binti yao. Siku alipougua, alimwomba mkewe huyo akichanje kivuli chake ili kitiwe dawa. Kivuli kikatoka damu. Siri ikafichuka. Vitani mkuki ukachomwa kivulini, na shujaa akaanguka, akageuka jiwe.

Mlinganishe na Fumo Liyongo wa pwani, aliyeweza kuuawa kwa shaba ya kitovuni pekee, na aliyemtolea mwanawe siri hiyo. Mashujaa hawa walitoka mbali kwa mbali, lakini fundisho lao ni moja: penye nguvu ndipo penye udhaifu, na aujuaye ni mtu wa nyumbani.

Hapo nikatambua kilichopungua. Baba yangu alisimama penye mwanga wa pande zote, bila kivuli. Nikauleta mwanga upande mmoja, kama uingiao mlangoni jioni. Kivuli sikukipaka nyeusi tupu. Nilichanganya samawati na hudhurungi, nikakilaza ukutani hadi kwenye kigoda alichokalia mama alipokuwa akimuuguza. Uso sikuugusa tena. Mama alipoiona alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Sasa ndiye."

Njia hii si ngeni. Marehemu Jak Katarikawe, mchoraji mzaliwa wa Uganda aliyefanya kazi Nairobi na kufariki huko mwaka 2018, aliwachora ng'ombe na ndovu wakiyaishi mambo ya binadamu, mithili ya wahusika wa hurafa.

Enyi walimu wenzangu, mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa Sanaa huketi katika chumba kimoja cha walimu, lakini masomo yao ni nadra kukutana. Mwanafunzi aliyesikia mighani asubuhi na aichore alasiri. Tena asiulizwe sifa za shujaa tu. Aulizwe pia kivuli chake kiko wapi, na ni nani anayekijua. Atakayeweza kujibu swali hilo atakuwa ameielewa hadithi, na huenda siku moja ikamfaa katika kuwaelewa watu wake mwenyewe.