Kuuza Mashine Iliyotumika: Je, Neno "Kama Ilivyo" Linamvua Muuzaji Dhima?

 

Katika miji yetu ya pwani si jambo geni kumkuta mtumishi, mwalimu au fundi ambaye, pembeni ya kazi yake, ameweka mashine ya presha ya kuoshea magari na pikipiki. Baada ya muda anaiacha biashara hiyo: kijana wa kuisimamia ameondoka, gharama ya maji imepanda, au yeye mwenyewe amehamishwa. Hubaki na mashine, mpira na tangi, akatafuta wa kumuuzia. Mteja akija huambiwa: "Nauza kama ilivyo. Ukishalipa, tumemalizana." Tunapenda kulieleza neno hili kwa mizani ya fiqhi, kwani wengi hulitamka wakidhani kwamba limewavua kila dhima.

Ipi ni aibu na upi ni uchakavu?

Wanazuoni wa Shafii wameeleza kuwa aibu inayompa mnunuzi haki ya kurudisha ni upungufu unaopunguza kitu chenyewe au thamani yake kiasi cha kukosesha makusudio sahihi, iwapo kwa kawaida vitu vya jinsi ile havina upungufu huo. Kwa hiyo rangi iliyochubuka au tairi lililolika katika mashine kuukuu si aibu. Ni hali ya kitu kilichotumika, na mnunuzi anaiona kwa macho yake.

Lakini moyo wa mashine hii ni pampu, nayo haionekani. Ndani yake mna sili zinazozuia maji yasivuje wala yasiingie kwenye oili. Mashine ikiendeshwa bila maji, sili huungua upesi. Ikitumia maji ya kisima yenye chumvi, valvu na vyuma huliwa. Mwenye mashine huzijua dalili: oili hugeuka nyeupe kama maziwa, au presha hushuka baada ya kazi ya muda mfupi. Mnunuzi anayewashiwa kwa dakika mbili hawezi kuyajua hayo. Hii ndiyo aibu iliyofichika.

Hukumu ya kuificha

Katika Sahih Muslim imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alipita penye lundo la chakula sokoni, akaingiza mkono, vidole vikakuta umajimaji. Mwenye chakula akasema kimenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakione, kisha akabainisha kuwa anayeghushi hayumo katika mwenendo wake. Tuzingatie kwamba muuzaji yule hakusema uongo. Alinyamaza tu, akaweka kikavu juu na kibichi chini.

Kubwa kuliko kunyamaza ni kupamba. Mtume (S.A.W.) amekataza kumfunga mnyama maziwa ili chuchu zijae siku ya mnada, na aliyeuziwa mnyama wa namna hiyo akampa hiari ya kumrudisha. Mwenye kubadilisha oili iliyogeuka maziwa asubuhi ya siku anayokuja mnunuzi, ili isionekane, amefanya jambo la mfano huo huo.

Neno "kama ilivyo"

Hapa ndipo penye mvutano. Kuuza kwa sharti la kutowajibika na aibu, ambako mafakihi hukuita bay'ul-baraa, kumezungumzwa tangu zama za Masahaba. Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba Abdullah bin Umar (R.A.) aliuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti hilo. Mnunuzi akalalamika kwamba mtumwa ana maradhi ambayo hakutajiwa. Kesi ikafika kwa Uthman bin Affan (R.A.), naye akahukumu kwamba Ibn Umar aape kuwa alipouza hakuwa akiijua aibu hiyo. Ibn Umar akakataa kuapa, akamrudisha mtumwa wake. Baadaye mtumwa akapona, akamuuza kwa dirhamu 1,500.

Hukumu ya Uthman inaonyesha wazi kuwa sharti lile halikuwa pazia la kufunika kile ambacho muuzaji anakijua.

Mafakihi wamekhitalifiana baada ya hapo. Kwa Hanafi, sharti linasihi na kumwondolea muuzaji madai ya aibu zote. Kwa Shafii, kama alivyotaja Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277) katika Minhaj, rai yenye nguvu ni kuwa linamvua dhima kwa aibu ya ndani ya mnyama ambayo hakuijua tu, kwani mnyama huugua bila dalili. Mashine haimo katika ruhusa hiyo. Na hata kwa rai ya Hanafi, kusihi kwa sharti hakuhalalishi kughushi; dhambi ya mwenye kuficha inabaki pale pale.

Mnunuzi naye ana mipaka

Mnunuzi akigundua aibu ya zamani, kwa Shafii anatakiwa arudishe mara moja kwa mujibu wa ada: akiwa katika swala au chakula amalize, na ikiwa ni usiku angoje asubuhi. Tena aache kuitumia. Mwenye kuendelea kuoshea magari wiki nzima, akijua aibu, ameipoteza haki yake.

Kurudisha kukishindikana kwa sababu inayokubalika, kwa mfano mashine imeungua kabla aibu haijajulikana, hulipwa fidia ya upungufu, yaani arshi. Tuchukue mfano: mashine isiyo na aibu hiyo ingekuwa na thamani ya shilingi 600,000, na yenye aibu 450,000. Upungufu ni robo. Ikiwa iliuzwa 560,000, mnunuzi hurejeshewa robo ya bei hiyo, yaani 140,000.

Dalali na aliyefanya kazi hapo

Imam Ghazali ametaja katika Ihya kisa cha Sahaba Wathila bin al-Asqa' (R.A.). Ngamia aliuzwa kwa dirhamu 300 naye yupo karibu, akili yake iko kwingine. Alipozindukana, alimkimbilia mnunuzi na kumuuliza kama amemnunua kwa nyama au kwa kupanda. Alipojibiwa kuwa ni kwa kupanda, akamwambia kwato yake ina tundu. Bei ikapunguzwa dirhamu 100. Kwa hiyo dalali, au kijana aliyeiendesha mashine hiyo, naye asinyamaze akijua. Na swali la Wathila linafaa kuulizwa leo: anayeosha baiskeli yake nyumbani na anayetaka kuosha magari kutwa hawadhuriwi sawa na pampu iliyochoka.

Tunawanasihi maimamu wawaeleze waumini haya: muuzaji ataje kwa jina kila aibu anayoijua, aiwashe mashine muda wa kutosha kuonyesha dalili zake, na bora ayaandike mbele ya shahidi. Ndipo aseme "kama ilivyo". Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Hakim bin Hizam (R.A.) kuwa wauziani wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa katika biashara yao, wakificha na kusema uongo, baraka hufutwa.

Wallahu a'lam.