Metali Nzito na Damu ya Samaki (Sehemu ya Pili)

Kwa miongo mingi Mto Panda, upitao Likasi kusini-mashariki mwa Kongo, umepokea maji machafu ya viwanda vya shaba na kobalti na kuyafikisha katika Mto Lufira, hadi Ziwa Tshangalele, bwawa lililotokana na kuzuiwa kwa mto huo pale Mwadingusha. Wavuvi hutega nyavu humo, na samaki wanaopatikana wakiwa hai huonekana kuwa ushahidi kwamba maji ni salama. Damu ya samaki hao ndiyo inayopaswa kuulizwa kwanza.

Metali huingia mwilini kwa chakula na kwa matamvua, yale majani mekundu ya kupumulia ambayo ngozi yake ni nyembamba mno. Shaba inapozidi majini, matamvua hushindwa kufyonza chumvi, hivyo chumvi ya damu hupungua, maji huihama damu na kuingia katika misuli, na wengu hujikunyata ukimwaga akiba yake ya seli nyekundu. Damu huwa nzito, na moyo hulazimika kuisukuma kwa taabu. Mpimaji anayetazama kiwango cha seli pekee, kwa kuzungusha damu kwa kasi ndani ya kijirija chembamba ili seli zitengane na majimaji yake, atakiona kimepanda na pengine atamsifu samaki huyo kwa afya njema, ilhali yu karibu kufa. Kipimo hicho kisichoambatana na kipimo cha chumvi hupotosha kuliko kukosa kipimo kabisa.

Risasi hufanya kazi yake kimyakimya zaidi. Himoglobini, rangi nyekundu inayobeba oksijeni, huundwa kwa hatua kadhaa, na mojawapo huendeshwa na kimeng'enya kinachohitaji zinki. Risasi huing'oa zinki hiyo na kukaa mahali pake, kimeng'enya kikalemaa. Kulemaa huko huonekana kabla himoglobini haijapungua, nayo damu kidogo tu inayovutwa kwa sindano kutoka mshipa wa mkia, chini ya uti wa mgongo, yatosha kugundua kulemaa huko.

Tofauti na binadamu, samaki hawatengenezi damu katika uboho bali hasa katika sehemu ya mbele ya figo, kiungo ambamo metali ya kadimi hupenda kurundikana, na seli zao nyekundu hubaki na kiini hata zikikomaa. Kwa sababu hiyo, madhara katika vinasaba huonekana kwa darubini: kando ya kiini kikubwa hutokea kipande kidogo kilichomeguka.

Ukaguzi unaongoja samaki waelee matumbo juu umechelewa. Mamlaka zinazosimamia maziwa yaliyo chini ya migodi zinapaswa kupima damu ya samaki walio hai, kila msimu, na kuwatangazia wavuvi matokeo yake.