Michezo Wanayoibuni Watoto Wenyewe

Wako wazazi ambao, wakiwaona watoto wao wakikimbizana uani huku vumbi likitimka, hudhani kuwa huo ni utundu na upotezaji wa wakati. Mtoto huitwa ndani aketi, naye akitulia husifiwa kuwa ana adabu. Fikira hiyo yafaa kutazamwa upya, hasa katika kambi za askari jeshi na polisi, ambako vyumba ni finyu na familia zimekaribiana.

Mchezo wa kubuni hauhitaji fedha. Hapa kwetu Uganda, majani makavu ya mgomba yakiviringwa na kufungwa kamba huwa mpira. Ringi ya baiskeli ikisukumwa kwa kijiti huwa gari. Katika kwepena, watoto wawili husimama pande mbili wakirushiana mpira, na walio katikati huukwepa; apigwaye hutoka.

Mchezo huo huzoeza macho, miguu na pumzi. Lakini lililo kubwa zaidi hutendeka kabla ya mpira kurushwa. Watoto hushauriana: mpira ukigusa nguo tu, je, mtu ametoka? Mdogo wetu asamehewe mara ngapi? Hapo hujifunza kujadiliana, kutii sheria waliyoitunga wao wenyewe, na kukubali kushindwa. Mkubwa anayeingilia kila ugomvi mdogo huwanyima somo hilo.

Kwa mtoto wa askari faida hii ni kubwa zaidi. Baba akihamishwa kituo, mtoto huwaacha rafiki zake, na pengine hufika mahali asipoijua lugha ya majirani. Kukwepa mpira hakutaki maneno mengi. Aliye mgeni asubuhi aweza kuwa mwenzao jioni. Naye ambaye baba yake yuko kazini mbali kwa miezi mingi hupata nafasi ya kucheka na kusahau wasiwasi kwa muda.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lashauri kwamba watoto wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi ya mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Tena, Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Uganda iliuridhia mwaka 1990, watambua katika kifungu cha 31 kwamba mchezo ni haki ya mtoto.

Basi wajibu wetu wazazi ni huu:

Kwanza, tukague uwanja. Tuokote misumari na vigae vya chupa, tufukie mashimo, na tuchague mahali palipo mbali na njia ya magari.

Pili, tuwafundishe watoto kwamba chuma wasichokijua hakiguswi, hakipigwi teke wala jiwe. Waondoke pale, wamwarifu mtu mzima, naye apeleke habari polisi au kwa mkuu wa kambi mara moja. Risasi au bomu lililosahauliwa laweza kuua hata baada ya miaka mingi.

Tatu, wasichana nao wacheze. Kuchota maji na kuosha vyombo kugawanywe sawa na ndugu zao wa kiume, ili wote wapate wakati.

Nne, tuweke mpaka wa uwanja na saa ya kurudi nyumbani, kisha tuwaache. Wakirejea na vumbi, maji na sabuni vitaliondoa.