Wauguzi wa Ufilipino Waendao Ng'ambo

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii yawafaa wauguzi wa Ufilipino, ambao huwauguza wagonjwa wa Marekani, Uingereza, Arabuni na kwingineko.

Lakini njia yao si nyepesi. Kwanza husoma miaka minne, kisha hufanya mtihani wa serikali yao ili wapate leseni. Leseni hiyo haitoshi ng'ambo. Atakaye kwenda Marekani hana budi kushinda mtihani mwingine uitwao NCLEX. Aendaye Uingereza hupimwa maarifa kwa kompyuta, kisha, akiisha fika huko, kazi ya mikono yake mbele ya watahini. Kosa dogo la dawa laweza kuua mtu. Ndiyo sababu kila nchi hutaka kumpima yenyewe atakayewashika wagonjwa wake.

Je, nani atawauguza Wafilipino? Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipoenea, serikali yao ilizuia kwa muda safari za wauguzi wapya. Mwezi wa Novemba iliwafungulia, ila wasizidi 5,000 kwa mwaka.

Tusiwalaumu waendao, kwani mshahara wa ng'ambo husomesha ndugu zao. Bali nchi iwafunzayo wauguzi yafaa iwalipe vyema, isije ikaponya wageni na huku watoto wake wanaugua.